Katiba ya Tanganyika enzi za Mwingereza: nawajibu mnaojiandaa na usaili

Maswali yenu nimeyasoma yote, mengi yanafanana, kwa hiyo nimechukua haya manne.

Hivi Tanganyika ilikuwa koloni au la? Niliandika koloni nikakoseshwa.

Walikukosesha kihalali ndugu yangu. Mwananchi wa kawaida alitawaliwa kikoloni, hilo halina ubishi, ila kisheria Mwingereza alikabidhiwa nchi aiangalie, kwanza na Shirikisho la Mataifa 1922 halafu 1946 ikaingia kwenye udhamini wa Umoja wa Mataifa. Na hii sio tofauti ya maneno tu, maana kwa sababu ya udhamini wakaguzi wa UN walianza kuja 1948, na Machi 1955 Nyerere akapata nafasi ya kwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini. Kenya, koloni kabisa, haikuwa na mlango huo.

Katiba ya kwanza ni ipi?

Usitafute kitabu kimoja, hakikuwepo. Kulikuwa na amri ya mfalme wa Uingereza ya 1920, ndio iliyomuweka Gavana na Baraza la Utendaji na Mahakama Kuu. Ishikeni tarehe 22 Julai 1920, sheria za Kiingereza zilipokelewa, yaani zikatumika hapa, kama zilivyokuwa Uingereza siku hiyo na mpaka leo wanasheria wetu wanaitaja.

Nachanganya miaka ya Baraza la Kutunga Sheria, nikaririje?

Usikariri, kila mwaka jiulize nani yumo na kaingizwa na nani. 1926, enzi za Gavana Cameron, baraza linaanza, wote wameteuliwa na Mwafrika hata mmoja hayumo. 1945 wanaingia Waafrika wawili, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, yaani miaka 19 imepita, na nao ni wa kuteuliwa. 1955 ndio panaponiuma kila nikifundisha: wajumbe wasio wa serikali 30, Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10, wakaita usawa, wakati Waafrika ni mamilioni na Wazungu ni maelfu tu! Halafu angalieni upande wa serikali, walikuwa 31. Hata hao 30 wakiungana wote bado wanashindwa kwa kura moja. Mkiielewa hiyo 31 mmeelewa katiba nzima ya kikoloni.

Kura tatu ilikuwaje, na kwa nini TANU, chama cha Nyerere, walikubali?

Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kupiga kura kwenyewe kulikuwa na masharti ya elimu au kipato. Wengi ndani ya TANU walitaka wasusie na hasira yao naielewa, ila kwenye mkutano wa Tabora Januari 1958 Nyerere akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu akatoka TANU akaanzisha chama chake, ANC (African National Congress ya Tanganyika). Kwa maoni yangu Nyerere aliona mbali, kwa sababu hao Waasia na Wazungu nao walihitaji kura za Waafrika, kwa hiyo TANU ikawaunga mkono inaowataka yenyewe na masharti yakamgeukia aliyeyatunga. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wanaoungwa mkono na TANU wakashinda. Agosti 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71, Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na 1 Mei 1961 akawa Waziri Mkuu.