Maswali ya Wasomaji: Kuzunguka Mji Mkongwe na Kamera

Nitakuwa Unguja siku moja tu, nataka kuuzunguka Mji Mkongwe nikipiga picha. Nianzie wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Acha ramani, fuata jua. Asubuhi linachomoza upande wa soko la Darajani, jioni linazama baharini mbele ya bustani ya Forodhani. Basi fika Darajani saa 12:30 asubuhi, wakati samaki wanashushwa na mikokoteni ya ndizi inagombea njia. Mwanga bado unapiga kwa ubavu na nyuso zinaonekana vizuri. Ikifika saa 2:30 ondoka, kwani jua likishapanda, kivuli cha kofia na paji la uso kinafunika macho.

Hapo ingia mitaa ya Mkunazini, kisha Hurumzi. Nyumba ni ndefu na njia ni nyembamba, kwa hiyo jua halifiki chini mpaka karibu na adhuhuri. Kabla ya hapo, mwanga unagonga kuta za juu na kushuka taratibu, laini kabisa. Ndiyo maana saa 4, uwanjani kukiwa hakupigiki, vichochoroni ndiyo kwanza kunanoga. Saa 6 hadi saa 9 kula, pumzika, chaji betri. Saa 10 nenda mtaa wa Shangani, na saa 11:30 uwe umeshakaa Forodhani.

Mji huu unaukatiza kwa nusu saa bila kusimama, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanapita kila uchochoro na kurudi na picha mia nne za migongo ya watu. Chagua pembe tatu zenye ukuta mzuri, simama dakika kumi kila moja, uwaache wapita njia waingie wenyewe kwenye picha.

Natumia simu. Watu wangu wanatoka weusi tititi na milango ya nakshi inaonekana imepinda. Simu mbovu?
*Msomaji, Mombasa*

Simu ni nzima. Inapoona ukuta mweupe uliopigwa na jua, inadhani picha nzima imezidi mwanga, inapunguza, na anayeumia ni mtu aliyekaa barazani kivulini. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha ongeza mwanga kidogo kwa kidole. Anga usiitie kabisa. Ukanda mweupe juu ya uchochoro unavuta jicho bure. Mwenye kamera aongeze kipimo cha mwanga kwa +0.7 hadi +1.

Mlango unapinda kwa sababu umesimama karibu na kuinua simu juu, hivyo sehemu ya juu inakuwa nyembamba. Washa mistari ya gridi, rudi nyuma, shika simu wima usawa wa katikati ya mlango. Njia ikikunyima nafasi, usikimbilie lenzi ya 0.5, maana itavuta pembe zote. Piga kipande: mfaa, yaani nguzo ya katikati ya mlango, mnyororo uliochongwa kwenye fremu, au safu moja ya vichomozo vya shaba. Subiri mwanga wa ubavuni, ndio unaotia kivuli ndani ya nakshi. Flashi inapiga mbele na kuufanya mti uonekane kama umechorwa tu.

Vijana wanaoruka baharini Forodhani wanataka kinyume cha yule wa barazani: gusa anga pembeni mwa jua, funga, shusha mwanga mpaka wabaki vivuli vyeusi. Piga mfululizo, uchague picha ya kileleni mwa mruko. Hapo mwili unakaribia kutulia, hautoki na ukungu. Kwenye kamera weka kasi ya shata 1/1000 ya sekunde.

Watu wananigeuzia uso au kunifokea. Nifanyeje?
*Msomaji, Kampala*

Huenda kamera inatangulia salamu. Iache ining'inie, msalimie kwanza, mzee umpe shikamoo yake, zungumza mawili matatu, kisha: "Naomba nikupige picha hapo ulipokaa." Akikataa, shukuru upite, wa jirani anakuona, na mara nyingi yeye ndiye atakayekubali. Mwonyeshe picha, na ukimwahidi kumtumia WhatsApp, mtumie siku hiyo hiyo. Mtoto ana mzazi, muulize mzazi. Usipige ndani ya msikiti au dirisha la madrasa bila ruhusa, na Ijumaa adhuhuri waachie njia wanaokwenda kuswali. Ikulu, askari na bandarini, kamera ikae mfukoni.

Lenzi inaingia ukungu kila nikitoka hotelini.
*Msomaji, Dodoma*

Ni kiyoyozi. Kioo kilichopoa kikikutana na hewa ya pwani, mvuke unageuka matone juu yake kama jasho la chupa ya soda. Ifungie kamera ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla ya kutoka chumbani na uiache humo nusu saa ipate joto. Usibadilishe lenzi wakati huo, ukungu utaingia mpaka ndani.