Pazia bila kutoboa ukuta: anza na nondo za dirisha

Mkataba wa nyumba ninayokaa hapa Tabata una kurasa mbili, na sentensi pekee iliyopigiwa mstari kwa kalamu inasema mpangaji haruhusiwi kutoboa ukuta wala kupigilia msumari. Nilipoiona, kodi ya miezi sita nilikuwa nimeshalipa, dalali ameshachukua chake, na sebule ina madirisha matatu yanayotazama njia ya watu. Usiku wa kwanza nilibandika khanga mbili kwa soltepu. Saa nane usiku moja ikadondoka, nikabaki nimekaa kitandani nikisikiliza watu wanaorudi kutoka kwenye pombe wakipita mita tatu kutoka kichwani pangu.

Asubuhi nilikwenda kumwamkia mama mwenye nyumba na kumuuliza kwa adabu kama kale ka sentensi kana nafasi ya kujadiliwa. Hakunijibu. Alinishika mkono akanipeleka chumba cha nyuma. Mpangaji aliyenitangulia alileta fundi na drili. Tofali lilikuwa na mchanga mwingi kuliko saruji, plagi, kile kiplastiki cha kushikia skrubu, ikawa inazunguka tu ndani ya tundu, fundi akatoboa pembeni yake, ukuta ukamong'onyoka. Juu ya dirisha pamebaki shimo la kuingia yai. "Mwanangu," akasema, "yeye kahama, mimi nimebaki na shimo."

Sikuwa na la kusema. Na msumari nao sio nafuu unaodhaniwa. Juu kabisa ya dirisha kuna linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta, pale msumari wa kawaida unapinda. Ukileta msumari wa zege, unaingia, lakini unaondoka na kipande cha plasta.

Huu ni mwaka wa tatu sasa, na madirisha yote yana mapazia bila tundu hata moja. Nimeharibu pesa njiani. Kosa langu kubwa lilikuwa moja: nilikimbilia Kariakoo kununua vifaa kabla sijalitazama dirisha lenyewe. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, simama mbele ya dirisha uangalie nondo za usalama ziko ndani ya kioo au nje, fremu ni ya aluminiamu, mbao au chuma, na ukuta umeingia ndani kiasi gani pembeni mwa dirisha. Majibu hayo ndiyo yanayochagua njia.

Kama nondo ziko ndani, umeshapata. Watu wengi tuna nondo zilizochomelewa imara kiasi cha kumshinda mwizi, halafu tunahangaika kutafuta kitu cha kubeba kilo mbili za kitambaa! Mimi mwenyewe nilikaa miezi minne nikizitazama bila kuziona. Aliyenifungua macho ni mama yangu mzazi, alipokuja kunitembelea kutoka Tanga. Alikuta pazia liko chini, akachukua kamba ya katani, akalifunga kwenye nondo ya juu, akaendelea na chai yake.

Kamba ya mama ilifanya kazi ila haikuwa nzuri machoni. Nilichofanya baadaye ni hiki. Nilinunua bomba jembamba la chuma la kupitishia pazia, nikalikata lizidi upana wa dirisha kwa sentimita 15 kila upande. Kisha nikakunja kulabu tatu zenye umbo la S kwa kipande cha nondo nyembamba. Fundi wa kuchomelea atakukunjia kwa dakika tano, na wengine hawachukui hata hela. Kichwa kimoja cha kulabu kinaingia kwenye nondo ya mlalo ya juu, kingine kinabeba bomba. Urefu wa kulabu ndio siri yenyewe. Ikiwa ndefu kidogo, bomba linatokeza mbele ya ukuta, na hapo zile sentimita 15 za ziada zinakuwa na maana, kwa sababu pazia linafunika pembeni na mwanga wa taa ya barabarani hauingii. Ikiwa fupi, bomba linabaki ndani ya shimo la dirisha, hivyo likate fupi.

Kulabu hucheza pazia linapovutwa. Zifunge kwa kebo tai, zile tai za plastiki wanazotumia mafundi umeme, na chukua nyeusi. Nyeupe nilizoweka mwanzo zilikauka kwa jua la dirishani zikawa zinakatika zenyewe kama tambi. Nyeusi hustahimili jua zaidi, na ziko pale mpaka leo.

Ubaya wa njia hii ni miwili. Pazia haliwezi kuanzia karibu na dari kama kwenye picha za mitandaoni, litaanzia pale dirisha linapoanzia. Mimi nimekubali. Wa pili ni kutu. Hewa yetu ya Dar ina chumvi, na nondo zilizopakwa rangi mara moja tangu nyumba ijengwe zitakuachia mistari ya rangi ya chai kwenye shia nyeupe, lile pazia jepesi linalopitisha mwanga. Yangu niliipaka ndimu na chumvi nikaianika juani. Madoa yalififia, hayakuisha. Siku hizi kwanza nasugua nondo kwa msasa, napaka rangi ya mafuta, nasubiri ikauke siku mbili, ndipo kitambaa kinasogea.

Hapa niseme habari ya uzito, maana ndiyo inayoangusha mapazia mengi. Dirisha letu la kawaida la futi 5 lina kama mita moja na nusu. Pazia likipigwa marinda vizuri linahitaji kitambaa mara mbili ya upana huo, yaani mita 3, na likishuka hadi sakafuni ni kama mita 2.3. Hizo ni karibu mita 7 za mraba. Shia nyepesi ya gramu 70 kwa mita ya mraba itakuwa nusu kilo tu. Kitambaa kizito cha gramu 300, kile wauzaji wanachokisifia kwamba hakipitishi mwanga, kinafika kilo 2, bado hujaongeza ringi na bomba. Kama huamini hesabu, fanya nilivyofanya: tia mapazia kwenye mfuko, nenda dukani kwa Mangi, mwombe mzani. Atakucheka, atakupimia.

Hesabu hiyo ningeijua mapema, nisingenunua kulabu za gundi. Kwenye pakiti wameandika zinabeba kilo 5. Nilibandika nne juu ya dirisha la sebuleni, nikapitisha bomba, nikatundika pazia zito siku hiyo hiyo, nikapiga picha nikamtumia dada yangu. Siku ya tatu, mchana, nikasikia kishindo. Gundi yenyewe ilikuwa haijaachia chochote: kila kulabu ilianguka na kipande cha rangi ya ukuta mgongoni, saizi ya biskuti. Gundi ilishika rangi vizuri sana, rangi ndiyo haikushika ukuta. Na rangi ya maji iliyopakwa juu ya skimu, ile plasta laini ya mwisho, iliyopigwa haraka haraka, kama ilivyo kwenye nyumba zetu nyingi za kupanga, haishiki kitu. Zile kilo 5 ni kwa sehemu laini kama marumaru, kioo au chuma.

Nikalazimika kununua skimu na kopo dogo la rangi ya krimu. Nilidhani krimu ni krimu. Hadi leo viraka vinne vinaonekana saa kumi jioni jua likiingia upande ule, na mama mwenye nyumba aliviona, akavitazama, akaniuliza habari za kazini.

Gundi basi iwekee kazi yake. Kwenye fremu ya aluminiamu inashika, ukiifuta fremu kwa spiriti kwanza, ukaacha ikauke, ukabandika, ukabonyeza, halafu ukangoja saa 24 kabla ya kutundika chochote. Kungoja huko ndiko tunakokuruka wote. Hata hivyo usiipe zaidi ya shia, maana fremu inayopigwa na jua la mchana hupata joto na gundi hulainika. Chumbani nimebandika mkanda wa velkro kwenye fremu, upande wa pili nikamwambia fundi cherehani ashone kwenye pindo la shia. Ikichafuka, naivuta tu, naifua, narudisha.

Kama nondo zako ziko nje ya kioo, njia inayofuata ni fimbo ya kubana, ile yenye springi ndani inayojikaza kati ya kuta mbili. Madukani wengi wanaijua kama fimbo ya pazia la bafuni. Inataka kuta mbili zinazotazamana, kwa hiyo lazima dirisha liwe limeingia ndani ya ukuta angalau upana wa vidole vitatu. Kadiri inavyorefuka ndivyo inavyopoteza nguvu: kwenye sentimita 90 utaning'iniza pazia lolote, kwenye mita moja na nusu itapinda katikati kama mgongo wa punda. Fimbo hizi ni bomba mbili, jembamba ndani ya nene, na udhaifu wake uko pale zinapokutana. Usinunue ambayo itabidi uivute hadi mwisho ndipo ifike.

Wakati wa kuifunga, irefushe izidi nafasi kwa sentimita 2 au 3, kisha ibane kwa nguvu uiingize. Ukuta uufute kwanza kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu rangi ya maji iliyozeeka hutoa unga na fimbo huteleza juu ya huo unga. Yangu iliteleza mara mbili mpaka nilipokata vipande viwili vya ndala iliyokatika nikaviweka kwenye ncha. Zinang'ang'ania, na haziachi alama nyeusi kama mpira wa tyubu.

Mahali fimbo hii inapong'ara hasa ni mlangoni. Sisi watu wa pwani mlango mchana unakaa wazi upepo uingie, pazia ndilo mlango wenyewe, na mgeni anapiga hodi akiwa nje yake. Fremu ya mlango ina kama sentimita 80 au 90, imepakwa rangi ya mafuta, ni ngumu: fimbo inabana hapo kama imezaliwa. Iweke tu juu ya kimo ambacho mtoto anaweza kurukia. Mpwa wangu wa miaka sita alijifanya yuko kwenye bembea, na pazia, fimbo na yeye vyote vikafika sakafuni pamoja. Aliyelia ni mimi.

Sumaku nazo watu huniuliza. Zinafanya kazi kwenye nondo na kwenye madirisha ya zamani yenye fremu za chuma. Kwenye aluminiamu hazishiki kabisa, hata ununue kubwa namna gani. Ukitaka uhakika, chukua sumaku ya friji ukajaribu kabla ya kutoa hela.

Linabaki lile dirisha gumu: nondo nje, kioo kimelingana na ukuta, hakuna pa kubana. Kuna fimbo za kusimama zinazobana kati ya sakafu na dari, lakini angalia dari yako ni nini. Zege, sawa. Jipsamu, achana nazo, zitasukuma bodi juu mpaka ipasuke, na huo utakuwa ugomvi mkubwa kuliko tundu la msumari. Jirani yangu mwenye dirisha la namna hiyo alichukua stendi ya chuma ya kutundikia nguo za dukani, akaisimamisha nyuma ya kochi, akatundika pazia juu yake. Ukikaa sebuleni kwake huioni miguu, kochi limeificha. Nilivyoiona nilijilaumu kwa zile kulabu zangu nne.

Kabla ya yote hayo, zunguka nyumba uangalie misumari iliyoachwa na wapangaji waliopita. Sebuleni kwangu kulikuwa na miwili juu ya dirisha dogo, imepakwa rangi pamoja na ukuta, nimeigundua mwaka wa pili nikipangusa buibui.

Na siku ya kuhama, kulabu za gundi usizing'oe kwa kuzivuta kuelekea kwako. Zipashe joto kwa draya ya nywele kama dakika moja, kisha pitisha uzi wa kushonea nyuma yake, uvute kulia na kushoto kama unakata sabuni ya kipande. Mabaki ya gundi kwenye aluminiamu yanatoka kwa mafuta ya kula kidogo na kitambaa. Mafuta hayo usiyafikishe ukutani.