Fomeni ananisomea aya ya Jahannamu nikiogopa jua: je, imani yangu ina kasoro?

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Kwale, nafunga nondo kwenye kampuni ya ujenzi hapa Muscat. Kiangazi kilichopita mwenzetu alianguka juu ya slabu, mimi nikiwa hatua chache tu. Kabla hajaanguka alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka, anamwita mtu asiyekuwepo. Alilazwa hospitali, baadaye akarudishwa kwao. Tangu siku ile, ikikaribia Mei moyo unanienda mbio, usingizi hauji, na kila mara nafungua simu kuangalia kesho ni nyuzi ngapi. Fomeni wetu ni Mwislamu. Nikimwambia jua limenizidi, ananisomea: "Sema: Moto wa Jahannamu una joto kali zaidi," na wenzangu wanacheka. Kaka yangu naye kwenye simu anasema huo ni upungufu wa imani. Nilikuwa nafunga Jumatatu na Alhamisi, nimeacha, najiona nimerudi nyuma katika dini. Adhuhuri nayo siiswali mwanzo wa wakati. Mkataba unaisha Septemba. Nikiwaza kutoongeza mwingine, nakumbuka mzee aliuza ng'ombe ili nipate pesa ya ajenti. Nifanyeje?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kijana wangu, nitaanza na hiyo aya, maana mtu akipigwa na aya ya Mola wake mbele ya wenzake hubaki na kidonda ambacho hata Oktoba ikifika hakiponi.

Aya ni ya 81 katika Suratut Tawba. Inasimulia safari ya Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Mtume (S.A.W.) aliita watu watoke, jua likiwa kali na tende zikiwa zimeiva, na kila mtu akitamani kivuli cha shamba lake. Wanafiki wa Madina waliokuwa na afya na mali wakatafuta nyudhuru, kisha wakafurahia kubaki, na juu ya hayo wakawavunja moyo wengine: "Msitoke katika joto." Hao ndio walioambiwa Moto wa Jahannamu una joto kali zaidi. Sasa wewe unafanana nao wapi? Wewe umetoka. Umeacha kwenu Kwale, uko juu ya slabu unatafuta rizki ya halali. Na fomeni wako angesoma aya kumi tu mbele, angekuta Mwenyezi Mungu anasema hapana lawama juu ya walio dhaifu, wala wagonjwa, wala wasiopata cha kutumia. Katika aya ya pili yake wametajwa waliorudi macho yakibubujika machozi kwa kukosa kipando. Sura moja, safari moja, jua moja. Kuchukua kipande kimoja ukamfungia mdomo kibarua aliyechoka ni kuitumia Qur'ani kama fimbo, na mwenye kufanya hivyo anahitaji nasaha kuliko wewe.

Na tumtazame mwenyewe aliyeteremshiwa aya hiyo alivyoishi na joto. Sahaba Abu Dharr anasimulia, na iko katika vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa safarini pamoja naye, mwadhini akataka kuadhini Adhuhuri. Mtume akamwambia: "Ngoja ipoe." Baadaye akataka tena kuadhini, akamwambia: "Ngoja ipoe." Wakangoja mpaka wakaona vivuli vya vilima vimelala chini. Kisha akasema ukali wa joto ni katika mvuke wa Jahannamu, basi joto likizidi, isubirisheni swala mpaka kupoe. Jahannamu ile ile imetajwa hapa, lakini hukumu iliyotoka ni ya kuwahurumia watu.

Yuko pia Abu Israil, ambaye habari yake naipenda sana. Mtume alikuwa akihutubu, akamwona mtu amesimama juani. Akauliza ni nani huyu. Wakamwambia ni Abu Israil, ameweka nadhiri asimame asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Akasema: "Mwambieni aseme, na aingie kivulini, na akae, na aitimize saumu yake." Saumu ilibaki kwa sababu ni ibada. Jua likaondolewa, kwa sababu kuungua hakujawahi kuwa ibada.

Sasa hofu yenyewe. Kaka yako anasema ni upungufu wa imani. Kaka yako yuko Kwale, na joto la pwani yetu, hata la Machi lile la kulala mlango wazi, si la huko uliko. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Qurayyat ulio kusini ya Muscat ulipitisha usiku na mchana bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Hapo nasema kiwango cha chini kabisa cha siku nzima. Na nondo iliyolala juani tangu asubuhi haishikiki bila glavu, wewe ndiye wa kunieleza mimi. Aliyemwona mwenzake akiweweseka kisha akaanguka, halafu asiogope, huyo ndiye ningemtilia shaka akili yake.

Kuogopa kwa sababu ya kweli kuliwapata Mitume. Nabii Musa (A.S.) alitoka mjini, Qur'ani inasema, "akiogopa, akiangalia huku na huku." Na sahaba Amr bin al-As, alipoamka na janaba, hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya kuswali, usiku wa baridi kali katika msafara wa Dhatus Salasil, alitayamamu, yaani alijitwaharisha kwa udongo badala ya maji, na kuwaswalisha watu. Mtume alipomuuliza, akajibu kwamba alichelea kufa akioga, akakumbuka neno la Allah: "Wala msijiue, hakika Allah ni Mwenye kukurehemuni." Mtume akacheka, hakusema kitu. Ilikuwa baridi, siyo joto, lakini mlango ni mmoja: mja amechelea hali ya hewa isimdhuru, akafanya jambo la kujikinga, na hakulaumiwa.

Basi tofauti iko katika kile hofu inachokufanyisha. Ikikutoa uende kunywa maji, imefanya kazi yake. Ikikukalisha macho saa nane usiku unaangalia nyuzi za kesho kwenye simu, haikupi chochote, inakula usingizi ambao mwili wako unauhitaji ili uvumilie hiyo kesho. Kutolala kunamfanya mtu adhurike na joto upesi zaidi. Kwa hiyo angalia mara moja jioni, upange maji yako na nguo zako, kisha simu iweke mbali.

Kabla ya kulala soma dua ambayo Anas bin Malik anasema alikuwa akimsikia Mtume akiisoma mara nyingi: Allahumma inni a'udhu bika minal-hammi wal-hazan, wal-'ajzi wal-kasal, wal-bukhli wal-jubn, wa dhala'id-dayni wa ghalabatir-rijal. Anajikinga kwa Allah na wasiwasi na huzuni, unyonge na uvivu, ubahili na woga, uzito wa deni na kuonewa na watu. Mambo yako yote uliyoniandikia yamo humo, hata ajenti na fomeni. Na ikiwa moyo unakwenda mbio hata ukiwa chumbani penye kiyoyozi, na hali hiyo inaendelea wiki baada ya wiki, nenda kwa daktari umweleze ulichokiona kwenye slabu. Mtume ameamrisha kutafuta tiba, wala hakusema maradhi ya moyo na fikra hayamo.

Rudi kwa Nabii Musa kidogo, maana kisa chake ni chako. Alifika Madyan mgeni, hana kitu. Akawanyweshea wanyama mabinti wawili aliowakuta kwenye maji, "kisha akageukia kivulini, akasema: Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa kheri utakayoniteremshia." Tazama mpangilio: kazi, kivuli, kisha dua. Hakuomba akiwa amejisimamisha juani ili aonekane mvumilivu. Baada ya hapo mzee wa Madyan akamwajiri, na katika masharti ya mkataba akatamka: "Wala sitaki kukutaabisha." Neno hilo la mwajiri limehifadhiwa ndani ya Suratul Qasas, nami natamani lingebandikwa kwenye lango la kila kambi ya wafanyakazi Ghuba nzima, na kwetu pia, kwenye mashamba ya chumvi na machimbo ya mawe.

Kivuli chako unacho kisheria. Oman imekataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, miezi ya Juni, Julai na Agosti. Qatar wamekwenda mbali zaidi: tangu 2021 ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, Juni mosi hadi Septemba 15. Ukidai saa hizo hujavunja uaminifu wala hujamkhini mwajiri. Ni haki yako, na fomeni anayekupandisha juu katika saa hizo amemwasi mtawala katika jambo jema, na amekhalifu Hadithi ya Mtume kuhusu walio chini yetu: "Msiwakalifishe yanayowashinda, na mkiwakalifisha, wasaidieni." Malalamiko hupelekwa Wizara ya Kazi; nendeni kadhaa kwa pamoja kuliko wewe peke yako. Na saa hizo lala. Qur'ani katika Suratun Nur imeutaja wakati wa adhuhuri kuwa wakati wa watu kuvua nguo zao na kujipumzisha.

Kuhusu mwili, mimi si tabibu, nakukumbusha tu yale wanayoyasema wenyewe: unywe maji bilauri moja kila baada ya dakika 15 au 20 kabla kiu haijakushika, na usile chakula bila chumvi siku ya jasho jingi. Wanaoanguka wengi huwa ni wageni wa siku za mwanzo, au waliotoka likizo, kwa sababu mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Ukiona mwenzako ana kizunguzungu na kichefuchefu, mtoe juani. Akianza kuweweseka kama yule wa mwaka jana, hiyo si ya kungoja basi la jioni: mwiteni gari la wagonjwa, mlowesheni maji mwili mzima na kumpepea. Mtume mwenyewe alionekana mahali paitwapo al-Arj akijimwagia maji kichwani, naye amefunga, kwa kiu au kwa joto. Imo katika Abu Dawud.

Swala ya Adhuhuri sina wasiwasi nayo. Wanazuoni wetu wa Kishafii wamewekea masharti huko kuisubirisha mpaka kupoe, kwa mfano kuwa ni kwa wanaoiendea jamaa mbali katika nchi ya joto. Hayo ni masuala ya ubora. Kufaa, inafaa muda wote kabla Alasiri haijaingia. Ila usiivute mpaka ufike kambini jioni Alasiri ikiwa imeshaingia. Mapumziko yanapoanza, Adhuhuri ya Muscat inakuwa imeshaadhiniwa. Iswali hapo hapo kivulini. Sakafu ikichoma, tandika shati. Anas anasema wao katika joto kali walikuwa wakitandaza nguo na kusujudu juu yake.

Saumu za Jumatatu na Alhamisi, umefanya vyema kuziacha, wala hujarudi nyuma. Anas huyo huyo anasimulia safari ya siku ya joto, baadhi wamefunga na baadhi hawakufunga, mwenye kivuli kikubwa ni mwenye nguo ya kujifunika, na wengine wakijikinga jua kwa mikono. Waliofunga wakaanguka. Wasiofunga wakasimamisha mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume akasema: "Leo wasiofunga wameondoka na thawabu." Zirudishe Novemba. Ramadhani ni jambo jingine, na kwa miaka hii inaangukia Muscat wakati wa baridi, lakini ikija kurudi kwenye joto, shika fatwa ya Imamu al-Adhrai, mwanazuoni wa Kishafii, kuhusu wavunaji: ni lazima watie nia kila usiku, kisha atakayepatwa na mashaka makubwa mchana, afungue; asiyepatwa, asifungue. Aliyefungua atalipa siku nyepesi. Kinachokatazwa ni kuamka hujatia nia kwa sababu tu unajua kutakuwa na jua.

Limebaki la mkataba na ng'ombe wa mzee. Mwenyezi Mungu anasema: "Timizeni mikataba," basi fika nao Septemba, madhali hawakuvunji kwa kazi ya saa zilizokatazwa. Baada ya hapo hukumu iko mikononi mwako. Hakuna mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe azikwe ugenini, na kumtii baba hakumfikishi mtu kwenye kujidhuru. Lakini kuacha kuongeza mkataba pia si njia pekee. Kazi ya nondo ipo ya zamu za usiku, ipo ya ndani ya majengo, na miezi ya Novemba hadi Machi huko joto hupungua. Uliza kampuni kama kuna mkataba wa miezi hiyo, au uhamishwe kitengo. Uswali istikhara, swala ya kumwomba Allah akuchagulie lililo bora, na kiasi kilichobaki cha deni kiandike kwenye karatasi ukijue, kwa sababu deni lisilojulikana hesabu yake humtisha mtu zaidi ya lilivyo.

Kisha mpigie mzee mwenyewe, usipitie kwa kaka. Msimulie aliyeanguka, tangu alipoanza kumwita mtu asiyekuwepo. Nadhani habari hiyo hukumpa, ulimwambia tu kwamba kazi ni nzuri alhamdulillah.

Wallahu a'lam.