Nilipopiga marufuku siasa kwenye grupu la Arsenal

Wiki jana msomaji mmoja wa Kayole aliniandikia: "Kaka, nina grupu la mashabiki, tuko tisini na kitu. Siasa zinatumaliza. Nizipige marufuku?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikaona haya. Mimi nilishazipiga marufuku, tena kwa herufi kubwa: HAPA NI MPIRA TU.

Grupu letu la mtaa wa Umoja, Nairobi, lilianza 2017. Tulikuwa watu kumi na mmoja tuliozoea kibanda kimoja cha kutazamia mechi, viti vya plastiki na kiingilio cha shilingi thelathini. Kufikia 2023 tulikuwa tumepita mia mbili. Tumezika wazazi wa wenzetu, tumelipa bili za hospitali, na hakuna hata senti moja iliyopotelea mikononi mwangu. Ndiyo, najisifu. Nani mwingine atanisifu sasa?

Juni 2024 vijana wakaanza kupanga kwenda mjini kupinga Muswada wa Fedha. Nikafuta ujumbe wa kwanza, wa pili, wa kumi. Kijana mmoja akaniuliza mbona picha za mwakilishi wadi akitugawia mipira kabla ya uchaguzi wa 2022 zilikaa grupuni wiki nzima bila mtu kuguswa. Sikuwa na jibu. Nikamtoa.

Tarehe 25 watu wakapigwa risasi nje ya Bunge. Jioni hiyo wazee wa grupu tulikuwa tunabishana kuhusu Uingereza kutoka sare tasa na Slovenia kwenye Euro, na kama Saka achezeshwe kushoto. Nimerudia kusoma mazungumzo yale mara nyingi. Hakuna kijana hata mmoja aliyeandika neno. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini muswada, na watu arobaini na wawili wakajitoa grupuni.

Ungedhani nimejifunza. Wapi!

Januari 2025 Goma, mashariki mwa Kongo, ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Tulikuwa na mwenzetu wa huko, fundi cherehani tuliyemwita Papaa, ndiye aliyetushonea bendera yetu kubwa bure. Arsenal ilikuwa imevaa tangazo la utalii, "Tembelea Rwanda", kwenye mkono wa jezi tangu 2018, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi jeshi la Rwanda linavyowasaidia waasi hao, jambo ambalo Kigali inalikana. Papaa hakutukana mtu. Aliuliza tu kama jezi tunazoagiza zinaweza kuja bila lile tangazo. Nikambandikia sheria yangu ya herufi kubwa. Akamaliza kulipa mchango wa matanga aliokuwa anadaiwa, ndipo akatoka. Hilo la kulipa kwanza linaniuma hadi leo.

Siku chache baadaye waziri wa mambo ya nje wa Kongo aliiandikia Arsenal yenyewe kuhusu mkataba ule. Aprili, mashabiki huko London wakagawa vitambaa vya kufunika tangazo, wakitania kwamba hata kutembelea mahasimu wetu Tottenham ni afadhali. Novemba klabu ikatangaza kwamba mkataba unamalizika Juni 2026. Swali la Papaa lilikuwa la mpira tangu mwanzo.

Na mimi ni mtu wa K'Ogalo, yaani Gor Mahia, jamani! Nimekua nikisimuliwa jinsi serikali ilivyoamuru klabu ziache majina ya kikabila mwaka 1980, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Nani alinidanganya kwamba mpira wetu uliwahi kukaa mbali na siasa?

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kayole, usipige marufuku mada. Piga marufuku matusi, kumsema mtu kwa kabila lake na picha za uongo. Dakika tisini za mechi ziwe za mechi. Tafuta admini wa pili, asiyempigia kura unayempigia wewe, na kabla hujafuta kitu mwulize. Kabla hujafuta, nasema, uliza. Sisi maadmini tuna ugonjwa wa kudhani kwamba tunayokubaliana nayo ni habari, na tusiyokubaliana nayo ndiyo siasa. Kitufe cha kufuta kimetulevya. Wewe hukuchaguliwa na mtu, ulifungua tu grupu!

Wale vijana wana grupu lao sasa, na wamenizidi idadi. Sijaombwa kujiunga.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Papaa na jezi yangu mfukoni. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu; sikuifikisha nusu, akanikata kwa kuniuliza nataka kitambaa chekundu au cheupe. Akashona juu ya tangazo, mshono mzuri usioonekana. Kurudi grupuni amekataa, ila kibandani atakuja siku ambazo hana kazi. Akanitoza mia moja hamsini, bila kupunguza.