Kabla Hujakanyaga Cherehani: Kwa Mnaoanza Kushona Viti vya Magari ya Zamani

Kijana anayetoka kwenye kushona sofa au sare za shule akaingia kwenye viti vya magari ya zamani huamini kwamba anachopungukiwa ni mkono wa cherehani. Mkono huja wenyewe kadiri kazi zinavyopita. Kinachoharibu kazi nyingi hapa Mwanza ni haraka ya kuvua kava la zamani: hukatwakatwa kwa kisu, hutupwa nje ya gereji, kisha fundi anaanza kupima springi kwa futi kamba kana kwamba gari hilo halikuwahi kuwa na kiti. Kava hilo lililochanika ndilo mchoro pekee ulionao, na hata likiwa limebaki nusu lina majibu ambayo hutayapata dukani wala kwa mwenye gari.

Chukua mfano wa Land Rover Series III, ambayo ilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985 na bado inaonekana huku Kanda ya Ziwa. Kabla ya kugusa kitu chochote, piga picha za kila upande wa kiti, hasa pembe za nyuma na sehemu ya chini ambako kava limefungwa. Kata vifungo kwa koleo, si kwa kuvuta. Kava likishatoka, andika kwa kalamu upande wa ndani wa kila kipande jina lake, kiti chake na mshale unaoonyesha juu ni wapi. Halafu, kabla ya kufumua mshono hata mmoja, piga mistari midogo ya chaki inayokatiza mshono kila baada ya sentimita 10 hivi, ili vipande vikishaachana uweze kujua ni nukta ipi ilikuwa inakutana na ipi. Fumua kwa wembe ukikata uzi peke yake. Kazi hii inachosha na haina sifa, lakini fundi anayeiruka hujikuta jioni ana vipande viwili vinavyotakiwa kulingana huku kimoja kikiwa kirefu kwa vidole viwili, na hajui cha kupunguza ni kipi.

Usiamini pia kila unachokifumua. Kiti cha dereva kimekaliwa miaka mingi, na kwa kuwa dereva wetu hukaa kulia, ukingo wa nje wa upande huo ndio uliovutwa na kusagwa kila anapopanda na kushuka. Kipande cha hapo huwa kimetanuka. Nenda kwenye kiti cha abiria, ambacho kwa kawaida kimetumika kidogo, chukua kipande kinachofanana nacho, kigeuze, ndipo uchore pateni, yaani umbo la kukatia, kwenye karatasi ngumu ya kaki. Ongeza posho ya mshono, yaani ziada ya kushonea, ya milimita 12 na uweke alama zile zile za chaki ulizozipiga mwanzo.

Rangi nayo itafute ndani ya kava, kwani juu jua limeshaifuta. Fungua pindo lililokunjwa chini ya kiti, au ngozi iliyozungushiwa kamba ya ukingoni, na utaona rangi na mikunjo ya awali kama ilivyotoka kiwandani. Kata kipande cha ukubwa wa kiganja, ndicho uende nacho sokoni. Mtu anayezunguka Makoroboi na maduka ya jirani na Soko Kuu akiwa na picha ya simu pekee hurudi na kitu kingine kabisa, kwa sababu kila simu ina rangi zake na kila taa ya duka ina zake. Toka na gombo la ngozi bandia hadi mlangoni, uliangalie kwenye mwanga wa mchana.

Ngozi bandia nyingi huuzwa kwa upana wa karibu sentimita 137. Panga pateni zako sakafuni ndani ya upana huo kabla ya kununua, ujue unahitaji mita ngapi, kisha uongeze kidogo na uchukue zote kwenye gombo moja, maana gombo linalofuata linaweza kuwa limepishana rangi hata kama namba yake ni ile ile. Likunje kwa nguvu kati ya vidole: likitoa mstari mweupe, liache. Geuza uangalie mgongo wake pia. Mgongo wenye kitambaa cha kufumwa kama fulana hunyumbuka na kufaa kwenye pembe za duara, wakati ule wenye kitambaa kigumu unafaa zaidi kwenye paneli za milango. Ukikosa mjini, mizigo hutoka Kariakoo kwa mabasi yanayoshukia Nyegezi, na wapo wanaoagiza Nairobi au Kampala. Kwa Land Rover za zamani, bado kuna watengenezaji Uingereza wanaouza makava yaliyokwisha kushonwa. Mwenye gari aelezwe jambo hilo mapema, apige hesabu ya usafiri na ushuru, aamue mwenyewe.

Hapo ndipo utamsikia mwenye gari akisema, “Fundi, niwekee ile inayong'aa.” Mwambie mzee huyo kwa heshima kwamba viti vya magari hayo havikuwa na mng'ao, mwonyeshe kile kipande cha pindoni, kisha mkubaliane kwa maandishi. Gari ni lake, na akishikilia ya kung'aa utashona ya kung'aa. Tofauti ni kwamba atakuwa ameamua akijua.

Kuhusu uzi, mji wetu una kishawishi chake. Kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba kumejaa nyuzi za nyavu, ni imara, ni za bei nafuu, na kila anayeanza huuliza kwa nini asizitumie. Nyingi ni nailoni isiyotengenezwa kwa ajili ya tundu la sindano. Husokotana, hukwama, na jua linalopita kwenye kioo huidhoofisha nailoni upesi kuliko poliesta. Nunua uzi wa poliesta wa viti, mnene kuliko wa nguo, na uutumie na sindano namba 16 hadi 18. Refusha mshono ufike milimita nne hivi. Mafundi nguo hupenda mshono mfupi kwa sababu kwenye kitambaa unaonekana nadhifu, lakini kila tundu la sindano kwenye ngozi bandia ni la kudumu, na matundu yakikaribiana sana kava litakatika kwa kufuata mstari huo siku mtu mzito atakapoketi. Kwa sababu hiyo hiyo usifumue na kurudia kushona palepale. Jaribu kwanza kwenye mabaki. Cherehani ya kawaida ya kukanyaga itaweza tabaka mbili. Penye tabaka nne na kamba ya ukingoni unahitaji ile ambayo mguu wake hutembea pamoja na ngozi, la sivyo tabaka la juu litabaki nyuma na mstari utapinda. Kama huna, kodi muda kwa mwenzako anayeshona mabegi.

Viti vyenye mifereji, kama vya magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970, vina kanuni moja ambayo haibadiliki: shona mifereji kwanza, kata pateni baadaye. Kila mstari unaozamisha ngozi ndani ya sponji unakula upana kidogo, na mistari kumi inaweza kula sentimita kadhaa. Chukua kipande kikubwa kuliko unavyohitaji, weka chini yake sponji ya milimita 10 yenye kitambaa nyuma, chora mistari yote kwa rula kutoka mstari mmoja wa katikati, anza kushona hapo katikati ukielekea pembeni, na kila mstari uushone kwa kwenda upande ule ule. Ukienda na kurudi, mifereji italala kama mawimbi.

Chini ya ngozi, fremu isuguliwe kutu na kupakwa praima, springi zilizolegea zifungwe, kisha gunia la katani litandikwe juu yake ili chuma kisile sponji. Mercedes W123 na Volkswagen za mgongo wa kobe zina mito ya nyuzi zilizogandishwa kwa mpira; ikiwa bado ni mizima, isafishe na uirudishe, usiibadilishe kwa sponji laini ya godoro ambayo mwaka haupiti itakuwa imebonyea. Kata sponji izidi kava kwa sentimita moja kila upande, ndipo ngozi ikae bila mikunjo.

Dari ni somo lake peke yake. Kwa sasa jua mawili tu: vyuma vinavyoishikilia havilingani, hivyo vipe namba kuanzia mbele kabla ya kuvitoa, na gundi dhaifu hulegea gari likikaa juani na madirisha yamefungwa. Paka gundi pande zote mbili, subiri ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo ugandishe, milango ikiwa wazi kwa ajili ya harufu.

Siku ya kuvalisha, anika kava juani hadi lilegee. Funika sponji kwa mfuko mwembamba wa plastiki ili kava liteleze, vuta kutoka katikati ya mbele kwenda katikati ya nyuma, kisha pande, pembe ziwe za mwisho, na uutoe mfuko kabla ya kufunga. Mishono iliyopinda uinyooshe kwa kiganja wakati ngozi bado ina joto. Mabaki yote mkabidhi mwenye gari, kwa kuwa gombo lile halitakuwepo dukani atakapolihitaji kwa kiraka. Pateni baki nazo wewe, zikiwa zimeandikwa aina ya gari, mwaka na upande wa kila kipande.