Panda mhina wako kabla ya msimu wa arusi

Agosti na Desemba, watoto wakiwa likizoni, ndiyo miezi ya arusi kwetu Pwani, na ndipo mashoga zangu huniuliza swali lile lile: hina gani isiyochubua ngozi? Jibu langu huwakera. Nawaambia wapande mhina.

Wengi waliokulia mjini hawajauona mti wenyewe. Hina wanayoijua ni ya koni au ya pakiti. Mhina ni kichaka tu, ukiachwa hurefuka mita 2 hadi 6, una majani madogo yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, na maua ya rangi ya maziwa yenye harufu tamu. Matawi machanga ni laini, lakini yakizeeka ncha zake hugeuka miiba, na ndiyo maana watu huufanya ua wa nyumba. Kwa asili ni mti wa kingo za mito ya nchi zenye joto, pale maji yanapofurika kisha yakapwa na jua likachukua zamu yake. Kando ya Mto Tana utaukuta umejichomeka katikati ya vichaka vingine, na asiyeujua hupita bila kuugeukia.

Kuupanda si kazi. Mbegu zina ganda gumu na husumbua kuota, kwa hiyo mimi hutumia vijiti. Kata tawi lililokomaa kidogo, unene wa kalamu, fukia zaidi ya nusu kwenye mchanga wenye unyevu na uweke mahali penye kivuli chepesi mpaka lichipue. Likishashika, lipeleke juani. Kiangazi mhina hukivumilia. Kisichowezekana ni baridi, kwa hiyo ndugu zangu wa Limuru mniwie radhi. Mwaka wa kwanza usiupapatue majani. Baadaye ukatie mara kwa mara, kwani machipukizi mapya ndiyo yenye rangi nyingi, hasa yaliyochumwa wakati wa jua kali.

Majani yaanike kivulini, si juani. Yakikauka yakawa yanavunjika, twanga kwenye kinu, kisha chekecha kwa kitambaa chepesi kama mtandio wa zamani. Usiharakishe hapa. Unga wenye chembe huziba koni na mchoro hukatika katikati ya ua. Kanda kwa maji ya ndimu, funika, weka mahali pa vuguvugu kwa saa kadhaa mpaka juu pageuke kahawia huku ndani pangali kijani. Maji yanayochemka usiyatumie, yanaua rangi.

Ukishapaka, iache usiku kucha ukiweza. Asubuhi ikwangue kwa kisu butu, paka mafuta ya nazi, na maji uyakwepe kwa saa nyingi kadiri utakavyoweza. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo bi arusi wengi huingiwa na kiwewe: rangi utakayoiona asubuhi ile ni ya chungwa. Hiyo si hina mbovu. Itaendelea kukolea kwa siku moja au mbili mpaka ifike wekundu wa kahawia. Kwa hiyo paka siku mbili kabla, usingoje mkesha wa arusi. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene. Mgongo wa mkono hubaki hafifu, na hakuna fundi wa kulibadilisha hilo.

Ule uhafifu ndio unaowasukuma watu kwenye piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Hina ya mti haijawahi kuwa nyeusi tii kwa nusu saa. Piko inayotoa weusi huo kwa kawaida ni dawa ya kutia nywele rangi, na ndani yake mna kemikali ya parafenilenidiamini. Ulaya imeruhusiwa kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na kwa kuchora ngozi hairuhusiwi kabisa. Nimeona mkono wa binti uliovimba malengelenge yakifuata maua yale yale aliyochorwa, kisha yakaacha makovu. Mwili ukishaikataa mara moja, huenda ukaikataa maisha yote, hata siku utakapotaka kutia mvi zako rangi. Mpakaji akikataa kukwambia amechanganya nini, ondoka. Akikasirika, na akasirike.

Mhina una kazi nyingine pia. Wazee huutia kwenye mvi na ndevu. Shangazi yangu hupaka visigino vilivyopasuka na katikati ya vidole vya miguu vinavyowasha, nami nimemfuata, unafaa. Maua nayakausha na kuyatia kabatini kwenye nguo. Kizuka tu, yaani mjane anayemkalia mumewe eda, ndiye asiyepaka mpaka atoke.

Mambo mawili siyakubali hata yakisemwa na bibi wa nani. La kwanza, kumpaka mtoto mchanga hina mwilini. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao si wachache katika nchi zenye malaria. Hina ikipenya kwenye ngozi zao laini chembe nyekundu za damu huvunjika, na mtoto anaweza kufa. La pili, kuchemsha mizizi na kunywa. Mwenye mimba asiiguse kabisa, kwani mizizi hiyo tangu zamani imetumika kuharibu mimba.

Vijiti huhitaji kununua. Mtafute jirani mwenye ua wa mhina umwombe mwanzoni mwa masika, anapoukatia. Usiende wiki ya Idi. Wakati huo keshachumwa na mtaa mzima, atakuonyesha miiba.