Miradi yako ya chuo kabla haijaingia kwenye potifolio ya kazi

Mradi wa studio wa mwanafunzi wa usanifu majengo huchorwa kwa ajili ya jopo ambalo tayari linaujua. Limepitia rasimu zako, linakifahamu kiwanja, na siku ya kutetea uko mbele yake unajibu maswali. Anayesoma potifolio, yaani mkusanyiko wa michoro yako ya kuombea kazi, hana hata kimoja kati ya hivyo. Wewe haupo, na kwenye meza yake kuna mafaili mengine mengi yanayosubiri. Ndiyo maana kuchukua karatasi zako za A1 na kuzibana ziingie kwenye A4 ni njia ya haraka ya kuharibu kazi nzuri. Mradi unatakiwa kushikwa upya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo si mapambo. Ni kurekebisha jengo lenyewe.

Miradi minne inatosha, mitano ikiwa yote ina nguvu. Weka mradi wa mwaka wa mwisho, jengo moja dogo ulilolichora mpaka kwenye viungo vyake, kazi moja inayoonyesha kwamba unaweza kupima jengo lililopo au kushirikiana na wenzako, na mmoja ambao mchakato wake wa mawazo unafuatika kwenye michoro ya mkono. Ulio bora kuliko yote utangulie, wa pili kwa ubora ufunge. Kibanda cha mwaka wa kwanza kiache, hata kama kilipata alama za juu. Potifolio kamili ya usaili ikifika kurasa 25 au 30 imeshajaa. Ya kutuma pamoja na barua ya maombi iwe kurasa nne hadi sita, na isiwe vipande vilivyonyofolewa ovyo kutoka kwenye ile kubwa.

Sasa suala la kupunguza ukubwa, ambalo huwapata wengi. Kutoka A1 kwenda A3 kila kipimo kinakuwa nusu, hivyo mchoro wa 1:100 (milimita moja ya karatasi ni 100 za jengo) unageuka 1:200. Hapo bado kuna nafuu. Kutoka A1 kwenda A4 kipimo kinashuka hadi takriban asilimia 35, na mchoro uleule unakuwa karibu 1:283, skeli ambayo hakuna rula inayoipima. Maandishi ya milimita 2.5 yanabaki chini ya milimita moja. Mstari wenye unene wa milimita 0.18 unashuka hadi kama 0.06, yaani printa inaumeza kabisa au inauchora kwa unene uleule wa mistari mingine. Matokeo yake ukuta uliokatwa (ramani huchorwa kana kwamba jengo limekatwa kwa mlalo) na mistari ya vigae vinakuwa na uzito mmoja, na ramani nzima inageuka kijivu.

Dawa yake ni kuuweka mchoro upya kwenye ukurasa, kwa skeli halisi. Jengo la mita 60 linachukua milimita 300 kwa 1:200, kwa hiyo A3 ya kulala inalipokea vizuri. Kwa 1:250 linachukua 240, na A4 ya kulala inatosha. Kisha panga unene wa mistari kwa ukubwa huo mpya: milimita 0.5 kwa kilichokatwa, 0.25 kwa kingo zinazoonekana, 0.13 kwa michoro ya sakafu na vivuli vya vifaa. Futa samani zisizosaidia kuelewa chumba, na futa vipimo vyote isipokuwa vile vinavyobeba hoja. Herufi kubwa zisipungue milimita 2 kwenye karatasi. Weka rula ya skeli iliyochorwa badala ya kutegemea kuandika "1:200", kwa sababu msomaji ataikuza na kuipunguza PDF apendavyo. Mshale wa kaskazini uelekee upande mmoja kwenye sakafu zote. Ni jambo dogo, lakini linakosewa mara nyingi ajabu.

Baada ya hapo linakuja jengo lenyewe. Msanifu mwenye uzoefu akifungua ramani yako, jicho lake linakwenda kwenye ngazi kabla ya picha ya machweo. Ngazi haidanganyi. Chukua kimo kutoka sakafu hadi sakafu cha milimita 3,300. Ukigawa kwa vipandio 20, kila kimoja kinapanda 165. Kanuni ya zamani inasema kimo cha kipandio mara mbili ukijumlisha na upana wa kukanyagia kiwe kati ya 600 na 630 hivi, kwa hiyo upana wa 300 unaleta 630. Ukiigawa ngazi katika mikono miwili ya vipandio kumi, kila mkono una nafasi tisa za kukanyagia na si kumi, kwa sababu kipandio cha mwisho ni sakafu yenyewe. Hizo ni 2,700. Ongeza kituo cha katikati, yaani sehemu bapa kati ya mikono hiyo, cha 1,200 na nafasi ya kusimama ya 1,200 mwanzoni, unafika 5,100. Chumba cha ngazi cha mita nne, ambacho wanafunzi hukichora kwa mazoea, hakitoshi.

Kosa jingine la papo hapo ni mlango au choo kilichowekwa chini ya kituo cha katikati. Kituo kiko kwenye 1,650. Toa unene wa zege wa 150 na unabaki na mita moja na nusu, wakati kichwa kinahitaji angalau mita mbili. Chora mkato, yaani mchoro wa jengo kana kwamba limepasuliwa wima, unaopita kwenye ngazi. Wengi hukata jengo mahali ambapo hakuna kitu cha kuona, na msomaji anajiuliza kama umekwepa.

Nguzo na boriti zina hesabu yao pia. Kwa makadirio ya awali, boriti ya zege inachukua kina cha kama sehemu moja ya kumi na mbili ya umbali inaovuka. Nguzo zikiwa mita 7.2 mbali, boriti ni milimita 600, slabu (bamba la zege la sakafu) ikiwa ndani yake. Rudi kwenye kile kimo cha 3,300: toa 600, toa 50 za umaliziaji wa sakafu, unabaki na 2,650 chini ya boriti. Kwa nyumba ya kuishi inafaa. Kwa maktaba au ofisi yenye mabomba ya hewa ya 350 na dari yenye nafasi ya 100, unabaki na 2,200, na hapo mtu mrefu akinyoosha mkono anagusa dari. Kimo kinatakiwa kupanda hadi 3,900 hivi. Na kikipanda, ngazi nayo inabadilika: vipandio 24 vya 162.5, kila mkono ukiwa na nafasi 11, yaani 3,300 badala ya 2,700. Marekebisho haya yanakera kwa sababu moja huvuta jingine, lakini ndiyo kazi ya usanifu. Atakayekuhoji akiona umeyafanya anajua umeelewa.

Ukiwa hapo, kagua njia za viti vya magurudumu. Mteremko wa 1:12 unaopanda milimita 600 unahitaji mita 7.2 za urefu, bila kuhesabu sehemu bapa za juu na chini, na kiti kinahitaji duara la 1,500 kugeuka. Mteremko wa mita tatu uliobanwa pembeni mwa lango kuu unaonyesha kwamba uliongezwa usiku wa kuamkia kutetea. Vyoo vya sakafu moja vikae juu ya vyoo vya nyingine, na kama haviwezi, onyesha bomba linapopita.

Ukipata muda wa kuongeza mchoro mmoja tu kwenye mradi uliokwisha, ongeza mkato wa ukuta kwa 1:20, kutoka msingi hadi ukingo wa paa. Hakuna picha ya kompyuta inayoweza kufanya kazi ya mchoro huu. A3 iliyosimama ina milimita 420, sawa na mita 8.4 kwa skeli hiyo, kwa hiyo jengo la ghorofa kadhaa itabidi ulikate kwa mistari ya kuvunjia pale madirisha na sakafu zinapojirudia. Onyesha tabaka la kuzuia unyevu likiwa angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Onyesha kizingiti cha dirisha kikiinamia nje, na chini yake mfereji mdogo wa kuangushia matone, la sivyo maji yatarudi yakitambaa hadi ukutani. Onyesha lenta, boriti fupi iliyo juu ya dirisha, inavyokaa juu ya ukuta pande zote mbili.

Kwenye paa bapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu huchora mstari mmoja ulionyooka na kuupa jina. Paa hilo linachorwa kwa mteremko wa 1:40 ili, baada ya makosa ya kawaida ya ujenzi na kulegea kwa muundo, usishuke chini ya 1:80. Paa la mita 12 linalotiririsha upande mmoja linahitaji basi milimita 300 za tofauti ya kimo. Juu ya hapo kuna kizuia joto, kisha utando wa kuzuia maji unaopanda ukutani kwa 150. Ule ukingo mwembamba wa kuvutia ulio kwenye picha yako hauwezekani, na ni afadhali ugundue wewe kabla ya atakayekuhoji.

Maelezo ya kila mradi yawe maneno 80 hadi 120, yakitanguliwa na mstari mmoja wa taarifa: mwaka wa masomo, muda uliotumika, eneo la sakafu, kazi ya peke yako au ya kikundi. Eleza tatizo la kiwanja na uamuzi ulioufanya. Sentensi kama "jengo linazungumza na mazingira yake" ifute. Andika kwamba darasa limegeuzwa ili dirisha lisipigwe na jua la magharibi, na uonyeshe hilo kwenye mchoro. Kwa kazi ya kikundi, taja waziwazi michoro ambayo ni yako. Msanifu mmoja akipokea mradi uleule kutoka kwa waombaji wawili, kila mmoja akidai ni wake wote, wote wawili wanapoteza.

Modeli ya karatasi ngumu ipige picha kabla haijavunjika. Weka mandhari ya kijivu, taa moja ya pembeni iliyo chini, na kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Lenzi iwe kwenye kimo cha jicho cha modeli: mita 1.6 ni milimita 16 kwa 1:100, au 32 kwa 1:50. Simu igeuze kichwa chini ili lenzi yake ikaribie sakafu ya modeli. Kwenye kamera bana tundu la lenzi hadi f/11 au f/16, vinginevyo ukuta wa mbele utaonekana vizuri na nyuma yote itakuwa ukungu.

Faili lisizidi MB 10 kama tangazo halikutaja kikomo kingine. Likizidi, mara nyingi mwenye lawama ni miti: mti mmoja wa kidijitali wenye maelfu ya mistari, ukinakiliwa mara mia mbili, unalifanya faili kuwa zito na kila ukurasa kujichora polepole mbele ya msomaji. Geuza mimea iwe picha na uache kuta zibaki mistari. Picha zitosheke na nukta 150 hadi 200 kwa inchi kwa kusoma kwenye skrini. Nakala ya kuchapisha iwe na 300, ambazo kwa A4 nzima ni pikseli 2,480 kwa 3,508.

Fanya haya yote kabla leseni ya mwanafunzi ya programu ya kuchorea haijaisha, kwani ikiisha huenda usiweze kufungua mafaili yako tena. Hamisha kila mradi kwenda DWG (faili la michoro), IFC (faili la modeli ya jengo) na PDF, na angalia kama programu haikuweka mhuri wa matumizi ya elimu pembeni mwa karatasi. Kisha chapisha kurasa mbili kwa printa ya kawaida, nyeusi na nyeupe. Ukisimama hatua moja kutoka mezani na huoni ni kuta zipi zimekatwa, rudi kwenye unene wa mistari.